Makunyanzi ya Zipora

Kwa miaka sita nilimwamkia shikamoo mtu niliyemzidi umri. Naye aliitikia marahaba bila aibu, akaendelea kupiga taipu. Siku nilipojua ukweli nilimfuata mezani kwake, nikamuuliza kwa nini ameniacha nimwinamie miaka yote hiyo kama mkwe. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Damas," aliniambia, "kosa si langu. Ni la haya macho."

Alisema kweli. Zipora Chedego alikuwa na macho ya bibi kwenye uso wa mwanamke wa makamo. Makunyanzi yalianzia kwenye pembe za macho yakatambaa kuelekea masikioni, na chini ya kope ngozi ilikuwa imejikunja kama kitambaa kisichopigwa pasi. Utotoni aliugua vikope, ule ugonjwa uliosumbua macho ya watu Ugogo nzima, akakua akikunja uso kuukwepa mwanga na vumbi. Halafu akaajiriwa. Miaka thelathini na moja idara yetu ilimpa miandiko ya mabosi aisome, na miandiko yenyewe ilikuwa balaa. Rasimu ikishindikana, wote tulisema apelekewe Zipora. Aliisogeza dirishani, akaikazia macho, na barua ikatoka bila kosa hata moja. Nusu ya mikunjo ile aliipata kazini, na mtu asinibishie.

Faili lake nilikuwa nalitunza mimi, Yasinta, karani wa masjala. Lilisema alizaliwa mwaka 1945. Uongo mtupu, alizaliwa 1949. Mwaka 1964 alipotafuta kazi alikuwa binti wa miaka kumi na tano, mrefu wa mwili, baba amefariki, na wadogo wanne wanamtazama yeye. Mchungaji wa kijijini kwao, ng'ambo ya Zuzu, alimwonea huruma akamwandikia barua ya kumwongezea miaka minne. Ndiyo maana hata nilipoujua ukweli niliendelea kumpa shikamoo mbele za watu. Ningeacha ghafla, wangeanza kuuliza.

Mwaka 1995 ukaja waraka wa kupunguza watumishi. Idara iliunda kamati, na ikaamuliwa kwamba waliotimiza hamsini watangulie. Kwa faili, Zipora alikuwa na hamsini. Kwa haki ya Mungu alikuwa na arobaini na sita, na nguvu za kupiga taipu miaka mingine mingi.

Alikwenda kanisani kwao kutafuta kitabu cha ubatizo. Mwinjilisti Zablon alimfungulia sanduku akamwonyesha: mchwa walishamaliza kila kitu, limebaki jalada na udongo. Zablon alikuwa tayari kuapa popote, lakini kamati haikutaka mdomo wa mtu, ilitaka karatasi. Zipora akaenda kwa ofisa utumishi, Bwana Brighton, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Huyo alimsikiliza, akamtazama usoni, akatabasamu. Alimwambia karatasi hana, na sura yenyewe inamsuta. Akampa mwezi mmoja ajiandae kuja mbele ya kamati.

Zipora alikuja masjala akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. Mume alishamzika. Binti yake wa mwisho, Lydia, alikuwa kidato cha tatu, na hakukuwa na mkono mwingine wa kumsomesha zaidi ya ule uliopiga taipu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu huu. Nilimwambia kama tatizo ni sura, basi tuitengeneze sura.

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa Batuli. Saluni yake ilikuwa Kizota, nyuma ya karakana za kuchomea vyuma, na tangu nchi ifungue biashara ya nje rafu zake zilijaa vichupa vilivyopita Dubai. Batuli alimshika Zipora kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akasema kazi ipo. Dawa moja moja ingechukua mwaka. Zikichanganywa, wiki tatu. Asubuhi, maji ya kuchubua kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi. Yakishawasha vya kutosha, krimu ya tyubu. Jioni, makapi ya zabibu kutoka Makutupora yaliyochacha, kwa sababu alisikia Wazungu hujipaka hayo. Nilimuuliza kama vitu hivyo vinaelewana. Akaniuliza kama mimi hupika mchuzi kwa kitunguu peke yake.

Na ilifanya kazi, sitasema uongo. Wiki ya pili makunyanzi yalianza kupotea. Zipora alikuja ofisini amevaa miwani myeusi, tukajifungia masjala, akaivua, tukashikana mikono tukicheka kama wasichana. Wiki ya tatu ngozi ikaanza kung'aa. Kuzunguka macho palikuwa pekundu na laini, kama mahali palipobanduliwa plasta, na uso uliobaki ulikuwa ule ule wa zamani. Machozi yalimtoka yenyewe. Nilimwambia itatulia. Sikujua kitu, nilisema tu.

Siku ya kamati niliitwa nipeleke faili lake. Walikuwa wanaume watatu nyuma ya meza, na Brighton katikati. Zipora alisimama wima, akaeleza habari ya mchungaji, ya mchwa, ya Zablon. Brighton akamwomba avue miwani. Alipoivua, Brighton akasogea kumkagua macho. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni.

"Mama Damas, wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na saba."

"Na huyu unamwamkiaje?"

Zipora alinitazama kwa macho yale mekundu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alijua nitaeleza. Ningeweza kueleza. Lakini masjala tulikuwa wawili, na nilishasikia kwamba atabaki mmoja.

"Shikamoo," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipohamia hapa, mwaka themanini na tatu."

Brighton akawageukia wenzake. "Na tazameni hayo macho," alisema. "Mtu wa miaka arobaini na sita ana haraka gani ya kujichubua hivi?"

Hawakucheka. Waliandika tu. Zipora alivaa miwani yake, akawaaga kwa heshima, akapita mbele yangu. Faili alilifunga Brighton kwa mkono wake, akanipa nikalirudishe.

Mimi nilibaki kazini. Lydia aliacha shule muhula uliofuata. Zipora akaenda kuchuma zabibu Makutupora kila msimu, juani, na ngozi ile iliyochubuliwa haikuwa na cha kujikinga. Nilisikia habari zake kwa watu. Sikwenda kumwona, na nisijitafutie sababu.

Alikuja yeye, mwaka 1999, asubuhi moja yenye foleni ndefu kwenye dirisha la masjala. Sikumtambua mpaka alipoinama kwenye dirisha. Kuzunguka macho palikuwa peusi kama palipoungua, mikunjo imerudi na mingine juu yake. Sasa ungempa miaka sabini.

"Shikamoo, dada Yasinta," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Mwezi huu nimetimiza hamsini. Nimeona nije nikuambie."

Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake akamwambia kwa upole kwamba amegeuza, bibi, yeye ndiye wa kuamkiwa. Zipora alibaki ameinama dirishani. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Marahaba," niliitikia, kwa nguvu, foleni nzima ikasikia.

Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Brighton alishahamishwa zamani. Faili liko chini, kwenye yaliyofungwa.