Mkono wa Mama Mkwe Pangoni

Mke wangu aliitwa shifti ya ghafla hospitalini, Maplewood, na tiketi za matembezi zilikuwa zimeshanunuliwa. Ndiyo maana mimi ndiye niliyempeleka mama yake kuona mapango ya kando ya mto, mjini Saint Paul, huku ughaibuni tunakoishi.

Kwetu magharibi mwa Kenya, mkwe mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, wala hawakai kochi moja. Garini alikaa nyuma, upande wa mbali nami, tukaongea habari za mvua.

Mwongozaji alikuwa mama wa Kizungu, mcheshi. Alituonyesha ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi, akasema watu waliwahi kuishi humo wakati wa shida, wakipika na kulea. Mama mkwe akanituma nimuulizie, "Choo chao kilikuwa wapi?" Kundi zima likacheka. Nikajisikia vizuri, nikaona nimeweza kazi ya mkwe.

Halafu zikaja ngazi, zimelowa. Mimi nilikuwa nimetangulia. Nilipogeuka niliona mama mkwe anateleza, ameninyooshea mkono. Wangu nao ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikaurudisha. Kama ni heshima au ni kuogopa maneno yatakayofika nyumbani, mpaka leo sijui; kila jibu ninalopata naliona linanipendelea. Akakaa kitako majini.

Mzungu mmoja wa kundi letu, mwenye ndevu, akamwinua, kisha akanitazama kama dereva aliyegonga mtu akakimbia. Simlaumu. Kwa alichokiona, alikuwa na haki. Nilitaka kumweleza, Kiingereza chote kikanitoroka.

"Umeumia, mama?"

"Sketi ndiyo imeumia," akajibu, akitazama kando.

Juma lile alikuwa anarudi Kenya. Niliogopa ataondoka na neno moyoni, na neno la mama mkwe halipandi ndege; hubaki na binti yake, mkaishi nalo ninyi.

Matembezi yaliishia kwenye soko la kazi za mikono, wanakouza bibi wa Kihmong, wahamiaji wa kutoka mashariki ya mbali. Mama alisimama kwa mmoja wao, wakapatana bei kwa vidole, Kiingereza hakuna aliyekuwa nacho. Wakacheka sana. Mimi nilisimama mbali, sikuthubutu hata kujitolea kumbebea. Akanunua mshipi mrefu wa kitambaa, umetariziwa kwa nyuzi nyekundu na kijani.

Kurudi kwenye gari kulikuwa na ngazi nyingine, kali kuliko zile. Mama akasimama chini yake. Akauzungusha mshipi kifundoni mwa mkono wake, akanirushia ncha ya pili.

"Shika hapo, baba. Hapo hatujagusana."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Pangoni hawakutuangalia?"

Nikashika, nikapanda mbele yake.

"Polepole. Usinikokote kama mbuzi wa mahari. Hao ulishawaleta."

Yule mwenye ndevu alitupisha, mdomo wazi kidogo. Mama akamsalimia kwa Kiswahili, bila haraka, naye akaitikia kwa kichwa.

Nilijua hapo kwamba haondoki na neno. Ningefurahi, na nadhani nilifurahi. Lakini tulipofika juu jasho lilinitoka, nikafungua koti, mkono ukagusa skafu. Ndefu, nzito, ya sufu. Ilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi, na pangoni pia.