Lenge Lililochavushwa Jumamosi

Nilipopelekwa kufundisha shule moja huko Suna, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilikodi chumba kwa mama mmoja mjane, Msabato wa kweli. Nyuma ya nyumba alipanda malenge. Mwaka ule mvua ilinyesha kila asubuhi, nyuki hawakutoka, na malenge yakaoza yakiwa bado madogo kama ngumi.

"Yana ugonjwa gani, mwalimu?" akaniuliza.

"Hayana ugonjwa, mama. Nyuki hawakuyafikia."

Nikamwonyesha nilivyofunzwa chuoni. Nilichuma ua dume, lile lenye kikonyo kirefu, nikalibambua, nikapaka unga wake wa manjano ndani ya ua jike, lile lililobeba kilenge chini yake. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe yanaoza kwa kuwa hayajaozwa!"

Tangu hapo aliamka kabla yangu, akipaka ua baada ya ua na kuyafunika kwa makopo mvua isiyaloweshe.

Jumamosi moja mche wa kando ya uzio wa nyumba, aliouotesha kwa mbegu alizoletewa na dada yake kutoka Muhuru Bay, ukafungua ua jike lake la kwanza. Ua hilo hujifunga kabla ya adhuhuri, halifunguki tena. Mama alilitazama, Biblia kwapani.

"Leo hatufanyi kazi," akasema. "Hata wewe, ukiwa kwangu."

Akaenda kanisani. Mimi ni Mkatoliki. Siku yangu ilikuwa kesho yake. Nikalipaka.

Sikumwambia. Lenge likanenepa, nami nikawa napita upande mwingine nisilione. Siku moja jirani alilisifu, akauliza siri yake. "Muulize mwalimu," mama akajibu. Jirani alipoondoka, nikakiri.

"Nilijua," akasema, akiendelea kuchambua mboga. "Mkono wa blauzi yako ulikuwa na manjano."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe."

Lilipokomaa alilikata, akaliweka mlangoni pangu. Nikalipika na kumpelekea sahani. Akairudisha kwa upole.

"Kula, mwalimu. Nilikukataza, ukafanya. Ni lako."

Heri angenigombeza. Lilikuwa tamu sana, na nililila siku nne peke yangu. Siku ya tano akabisha hodi akiwa na bakuli tupu, akaketi kitandani pangu bila kukaribishwa, akaniuliza kama mbegu nilikuwa nimezianika, ili tuzipande.