Mupira mu Puli

Baba mukubwa wangu alikuwa fundi wa kushona kule Kamalondo, na mashini yake ya kukanyaga na miguu haikujua kutulia. Akikanyaga kwa nguvu, inatembea yenyewe pa simenti, inamuacha na suruali ya bantu mu mikono. Yeye alikata pneu ya zamani, mupira ya gari, akatoa bipande bine, akaweka chini ya miguu ya mashini. Ikatulia. Hata sauti ilibadilika, ikakuwa ya muntu anayesemaka na heshima.

Lakini majirani! Kule Kamalondo hauwezi kukohoa bila muntu wa nyumba ingine kukuletea dawa. Balikuwa banapita, banaangalia bile bipande, banacheka: “Fundi, hata mashini yako inavaa sapato ya pneu?” Muke yake alisikia haya sana. Siku ya Idi, mbele ya bageni kufika, alitosha bile bipande bya pneu, akabitupa nyuma ya nyumba. Bageni bakakaa, chai ikakuja. Muzee alitaka kumalizia kanzu ya mugeni moja mara moja tu, akakanyaga. Mashini ikatembea mpaka ikagonga sinia. Chai yote pa mukeka. Ile Idi bageni balifurahi kupita kipimo.

Kwetu hapa njo vile. Muntu anazaliwa mu muji ya shaba, anakomaa na akili moja: chuma njo heshima, mupira ni kiraka. Mulango inapiga kelele? Kipande ya pneu. Kitanda inayumba? Kipande ya pneu. Sasa kila mupira tunaona, tunafikiri kuko muntu masikini alipita pale. Ile akili mi naicheka, lakini nacheka na uchungu, juu njo iliua kamioneti ya dada yangu.

Dada yangu mudogo, mwenye kuniitaka yaya, anauzisha mboga: lengalenga na sombe, majani ya muhogo. Alisumbuka miaka mingi na mabasini ya mboga pa kichwa, kiisha akanunua kamioneti ya kubeba mboga toka mashamba ya Annexe na kuifikisha soko. Ile kamioneti njo ilikuwa sahani ya batoto yake. Kazi ya kuiendesha alipatia bwana yake, ni kusema shemeki yangu: mwanaume mwenye kupaka sapato rangi mpaka chini, pale panapokanyaga udongo.

Mi niko fundi ya moteri hapa Naviundu. Masomo yangu iliishia pale mwalimu alichoka. Basi siku moja shemeki anafika na dada yangu, kamioneti inavutwa na kamba, anatosha mu sachet ya plastike ile puli kubwa ya mbele, ile inayokamatana na vilbreke, mufupa ya ndani unaozungusha moteri yote. Puli ilikuwa imezeeka kweli, ya kubadilisha.

“Muzee, ona bizambi! Mupira! Mupira katikati ya puli! Bazungu baliirekebisha, bakaipaka rangi, bakatutumia shiye bajinga.”

“Shemeki, ile mupira ilizaliwa nayo.”

“Puli nayo inazaliwaka? Nani alikamata mimba?”

Bantu ya garage bakacheka. Yeye akatosha ingine mu mufuko, imefungwa na kitambaa kama yai. Aliichongeshea kwa fundi moja mwenye mashini ya kukata chuma. Aliminyomu tupu, inangaa, nyepesi. Yule fundi hana kosa: balimupatia ile ya zamani ya kufuatisha, akafuatisha umbo; mupira ya ndani inafanyaka kazi gani, hakuna mwenye alimuambia.

Nikamuelezea vile namuelezeaka kila muntu. Mafuta ikiwaka mu moteri, vilbreke inapigwa kofi. Inajipinda kidogo, inarudia, inapigwa tena. Ule mupira njo unameza kutetemeka. Ukiutosha, mufupa wenyewe njo utameza ile kutetemeka, mpaka uvunjike. Ukitafuta puli ingine, tafuta yenye mupira, upana ile ile, mifereji ya mukaba, ule mukanda wa moteri, ile ile. Ikikuwa ndogo, dinamo inalala na pompi ya mayi inachelewa, moteri inachemka. Kufungua, tumia chombo cha kuivuta, hapana nyundo. Panguza pale inakaa, weka rula juu uone kama mukaba unaenda mustari moja, kaza bulo inayoishika, na nguvu ile yenyewe inataka. Mapuli nyepesi ya chuma tupu iko, ni ya magari ya mashindano, bale banafungua moteri kila mara. Yako inabeba sombe.

“Muzee unaogopa kintu ya kungaa juu macho yako imezoea kutu.”

Dada yangu alikuwa anakaa pa kiti ya kamioneti. “Yaya, weka ile wewe unajua.”

“Mama,” bwana yake akamukata, “moteri ni mambo ya banaume.”

Nikakataa kuifunga. Akaenda kuifunga mwenyewe na barafiki yake, na nyundo, kiisha bakaimwangia pombe ya bière juu, sawa tunafanyiaka kila kintu ya mupya. Mukaba ulilia filimbi mpaka magaribi. Balisema ni sauti ya nguvu.

Na sitadanganya: ile kamioneti ilikuwa inaruka. Kila kupita hapa Naviundu alipiga honi, anatosha kichwa: “Muzee! Mupira inauliza habari yako!” Kiisha uskani ikaanza kutetemeka. Dada yangu aliniambia, nikamuambia bwana yake, akajibu hiyo ni massage, banalipiaka feza mingi ku hoteli.

Asubuhi moja dada yangu akanipigia telefone. Nikafika Annexe, nikakuta kamioneti imesimama katikati ya mashamba, imejaa, shemeki amesimama pembeni, na dada yangu ananyunyizia lengalenga mayi na mukono. Vilbreke ilivunjika kwa mbele. Puli ilikuwa chini mu muchanga pamoja na kipande ya ule mufupa. Puli yenyewe haikupata hata mukwaruzo. Ilikuwa inangaa.

“Yaya, itapona?”

“Hapana. Ni kutafuta moteri ingine.”

Kiisha akageukia bwana yake, bila kelele: “Basi sema kintu.”

Shemeki akainama, akaokota puli. Akatosha kitambaa, akaipanguza muchanga, pole pole, mpaka mu mifereji, akaiweka mu mufuko. Akasema: “Naenda kutafuta kamba ya kutuvuta.”

Akashika njia ya katikati ya mashamba. Alikuwa anatembea pembeni pembeni, anaruka matope, juu ya sapato. Mpaka leo hakurudia.