Nduku na Nyayo za Maji

Mwaka wa 1986, ukishuka kwenye basi pale Voi huku mguu unakuuma, hukuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Mtu wa kwanza angekuambia, "Nenda kwa Nduku wa viungo." Chumba chake kilikuwa nyuma ya hospitali, mlango wa mwisho, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Ndani mlikuwa na kitanda kirefu cha mbao, kiti kimoja, ndoo mbili za maji na kabati la bendeji. Sindano hakuna. Chupa za dawa hakuna. Ndiyo maana Tryphena Mwandawiro, alipofika mara ya kwanza na binti yake Wakesho, alisimama mlangoni akidhani amekosea njia.

"Dawa ziko wapi?" akauliza.

"Hizi hapa," Nduku akasema, akiinua mikono yake miwili. "Na nyingine ni huyo mtoto mwenyewe. Ingieni, mama, msisimame juani."

Nduku Kimeu alikuwa na miaka thelathini na tatu, mfupi, na mikono ya mtu aliyetwanga mahindi tangu utotoni. Wazazi wake walitoka Ukambani wakaja Voi kufanya biashara, naye akazaliwa nyuma ya stesheni. Alisomea tiba ya viungo Nairobi miaka mitatu, akafanya kazi huko, mpaka siku mama yake alipopooza upande mmoja. Hapo aliomba kurudi nyumbani. Alimfundisha mama kushika kikombe upya, kidole kwa kidole, na watu wa Voi wakaona kwa macho yao.

Mwanzoni alitibu migongo ya wakata mkonge na mabega ya madereva wa malori. Kisha akaletewa mcheza mpira mmoja aliyekuwa amekatiwa tamaa ya goti. Alikuja kwa gongo, akaondoka akiruka. Tangu siku hiyo kila mwenye kukimbia alijua mlango ule, na Nduku hakuficha kwamba hao ndio aliowapenda zaidi.

"Mgonjwa wa mgongo anataka apone alale," alikuwa akisema. "Mkimbiaji anataka awe amepona jana. Huyo ndiye anayenifanya niamke mapema!"

Sasa mbele yake alikuwa Wakesho, miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mkimbiaji wa mita elfu moja mia tano. Mshipa mnene juu ya kisigino chake cha kulia ulikuwa umevimba kama kidole gumba. Tryphena alikuwa ameukanda kwa maji ya chumvi ya moto, halafu akampeleka kwa mama mmoja wa kuchua na mafuta ya nyonyo, na uvimbe ukazidi. Mwalimu wa michezo, Mwalimu Elsie, ndiye aliyeandika kikaratasi cha kuwaleta kwa Nduku. Mashindano ya shule za wilaya, kule Wundanyi, yalikuwa yamebaki wiki nane. Wawili wa kwanza wangekwenda Mombasa kwenye mashindano ya mkoa.

Nduku aliubonyeza mshipa polepole huku akimtazama Wakesho usoni.

"Unakimbilia wapi kila siku?"

"Barabarani," Tryphena akajibu haraka kabla binti hajafungua mdomo. "Ile ya Taveta. Sisi tunakaa Mraru."

Wakesho akatazama dari.

Ukweli haukuwa huo. Mumewe Tryphena, Danson, alikuwa mzee wa kanisa na nyapara wa genge la reli, na familia ilikaa katika nyumba za reli hapo Mraru. Barabara ya Taveta Tryphena aliiogopa. Malori yalipita kwa fujo, jioni tembo walivuka bila kumwomba mtu ruhusa, na wanaume wengine walipunguza mwendo wa gari wakiona msichana anakimbia peke yake. Lakini reli ilipita mbele ya nyumba yake, imenyooka kama uzi maili mbili nzima. Garimoshi la Taveta siku hizo lilikuja kwa nadra, na likija lilisikika kutoka mbali. Tryphena akisimama mlangoni aliweza kumwona binti yake akipungua, akipungua, mpaka akawa kama punje ya mtama, kisha akianza kukua tena. Kwa hiyo alimwambia: kimbia relini, nikuone.

Ila sheria ya reli ilikataza. Mtoto wa mfanyakazi akionekana anacheza relini, baba yake anaandikiwa barua, na barua ya pili ni ya kuhama nyumba. Mama na binti walikuwa wameweka siri hiyo mwaka mzima.

Nduku alimwambia Wakesho autumbukize mguu katika maji baridi asubuhi na jioni, akamkataza kukimbia wiki moja, akamwonyesha namna ya kuunyoosha mguu ukutani. Uvimbe ukashuka. Wakesho akacheka, akarudi relini. Siku ya nne ukavimba vilevile. Wakarudi Voi, Nduku akatibu tena, uvimbe ukashuka tena. Siku tatu za kukimbia, ukapanda.

Mara ya tatu Nduku hakuugusa mguu. Alikunja mikono.

"Mshipa huu si mgonjwa tu, mama. Kuna kitu kinauvunja kila siku, na mimi sikioni. Wakesho, vua raba. Kanyaga kwenye ndoo hiyo, halafu toka mbio mpaka mwisho wa baraza."

Baraza ilikuwa ya simenti, ndefu, kavu. Wakesho akakimbia na miguu ya maji. Nduku akapiga magoti nyuma yake upesi, kabla jua halijakausha.

"Njoo uone, mama!"

Tryphena akainama. Nyayo zilikuwa nusunusu, vidole na sehemu ya mbele, basi. Kisigino hakikugusa chini hata mara moja. Nduku akatoa bendeji, akaivuta kutoka unyayo wa kwanza hadi wa pili, akafunga fundo. Akaisogeza mbele. Fundo likaangukia unyayo wa tatu palepale. Akaisogeza tena. Palepale. Nyayo kumi, na zote zilikuwa zimepimwa kama na fundi seremala.

"Watu hawakimbii hivi," Nduku akasema, sauti ikipanda kwa hamu. "Mtu hurefusha, hupunguza, mwili unajitafutia. Huyu amekatiwa hatua! Nani amekukatia hatua, Wakesho?"

Wakesho akamtazama mama yake. Tryphena alikuwa akilitazama lile pengo kati ya unyayo na unyayo. Alilijua. Miaka kumi na minane alimpelekea Danson chakula akitembea juu ya mataruma, vile vyuma vilivyolalia kokoto chini ya reli, hatua moja kila taruma. Pengo lile lilikuwa mataruma mawili kamili. Binti yake alikuwa akiruka moja, anakanyaga moja, kwa ncha ya mguu ili asiteleze, na kisigino kinabaki kinaning'inia juu ya mawe. Asubuhi maili nne. Jioni maili nne.

Angeweza kunyamaza. Alimfikiria inspekta wa reli na barua yake. Alifikiria vyombo vyao vikiwa nje ya nyumba, godoro juu ya meza. Halafu akaona nyayo zinakauka, moja baada ya nyingine, na baada ya dakika hakungekuwa na kitu cha kuonyesha.

"Ni reli," akasema. "Anakimbia juu ya mataruma. Ni mimi niliyemwambia, nilitaka nimwone."

Nduku alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye simenti yenye maji.

"Mama Wakesho! Wiki zote hizi mimi ninashona, kumbe wewe kule Mraru unafumua!"

"Usimwambie mtu, dada. Baba yake atafukuzwa nyumba."

"Mimi natibu miguu. Siandiki barua za reli." Akajifuta machozi, akasimama, uso umewaka. "Lakini sasa nimekijua! Unajua maana yake? Mshipa huu tunauponya! Wiki zimebaki ngapi?"

"Tano," Wakesho akadakia.

"Zinatosha. Nyumba yenu ina ngazi mlangoni?"

Ilikuwa nayo, ngazi ya jiwe. Kila siku Wakesho alisimama ukingoni mwake kwa vidole, akajiinua kwa miguu miwili, akajishusha kwa mmoja polepole mpaka kisigino kikapita chini ya jiwe. Kumi na tano, kupumzika, kumi na tano. Nduku alikata kipande cha raba ya tairi, akakitia kwenye kisigino cha kiatu ili mshipa usivutwe sana siku za mwanzo.

Danson alikuta zoezi hilo jioni, akauliza. Tryphena akaona heri amwambie yote, akaeleza huku akikunja na kukunjua leso.

"Kwani unadhani genge langu ni vipofu?" Danson akasema. "Kila asubuhi wananitania, 'Nyapara, ekspresi yako imepita, leo imewahi dakika mbili.'"

"Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Inspekta namwogopa kidogo. Wewe nakuogopa zaidi."

Wakesho alicheka mpaka akaanguka kutoka ngazini.

Lakini palibaki jambo gumu kuliko yote. Nduku alitaka Wakesho, mguu ukipata nguvu, akimbie kwenye udongo laini ulionyooka, mahali mwili utajichagulia hatua wenyewe. Njia ya namna hiyo ilikuwa moja tu, ile nyekundu ya kati ya mashamba ya mkonge. Na mkonge ukishatoa mlingoti wa maua ni mrefu kuliko mtu. Msichana akiingia hatua ishirini, haonekani.

"Huko sitaki," Tryphena akasema. "Sitamwona."

"Mguu wake utaona nafuu," Nduku akamjibu.

"Mguu hauna macho, dada."

Nduku akafikiri. "Aimbe basi. Wiki ya kwanza asikimbie kwa kasi inayomzuia kuimba. Wewe utakaa mwanzo wa njia, utasikia. Akinyamaza, ujue amezidisha mbio, umgombeze."

Kwa hiyo wiki ya tatu ya zile tano wakata mkonge walishangaa kusikia wimbo wa kanisani ukipita katikati ya shamba, unapanda na kushuka, na mama mmoja amekaa juu ya kichuguu ameinamisha sikio. Walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama, kwaya imefika wapi?" Naye akawajibu, "Iko ubeti wa tatu."

Mguu haukuvimba. Siku tano, sita, kumi. Kila jioni Tryphena aliubonyeza mwenyewe, kama alivyomwona Nduku akifanya, na kila jioni moyo wake ulirukaruka. Mshipa ulikuwa umekauka, mgumu, mwembamba!

Wiki ya nne Nduku alisema, "Sasa asiimbe."

Siku hiyo Wakesho aliingia mkongeni na shamba likameza kila kitu. Tryphena alisikia upepo, akasikia panga la mkata mkonge mbali, akasikia damu yake mwenyewe. Alisimama, akakaa, akasimama. Alitaka kuita. Kimya kile kilikuwa ndicho alichoambiwa akitafute, maana yake mtoto anakimbia kweli. Akauma pindo la leso, akangoja. Wakesho alipotokea tena mwanzo wa njia, alitokea kwa kishindo, vumbi jekundu nyuma yake, hatua ndefu, ndefu kuliko Tryphena alivyowahi kuziona.

Wundanyi siku ile palikuwa na baridi na ukungu juu ya vilima, lakini uwanja ulijaa, shule na shule, ngoma na sare. Nduku alikuja na mkoba wake wa bendeji. Wasichana kumi na mmoja walisimama kwenye mstari. Wale wa milimani walikuwa na mapaja ya kupanda na kushuka na kuni tangu utotoni, na Tryphena alipowaona alimshika Nduku mkono.

Bastola ikalia. Mzunguko wa kwanza Wakesho alikuwa wa saba. Wa pili, wa tano.

"Mbona anakaa nyuma? Mguu unamuuma!"

"Mama, niachie mkono, unanivunja," Nduku akasema, lakini yeye mwenyewe alikuwa anarukaruka.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, alikuwa wa nne. Kwenye kona akampita mmoja kwa nje, akawa wa tatu, na wa tatu haendi Mombasa. Mbele yake kulikuwa na msichana wa fulana ya kijani aliyekimbia vizuri, hatua fupi za haraka. Wakesho akarefusha. Hatua moja ikazidi nyingine, ya tatu ikazidi ya pili, na Tryphena akasahau kwamba ni mke wa mzee wa kanisa, akapiga kelele mpaka leso ikamwanguka.

"Refusha! Refusha, mwanangu! Shamba ni lako!"

Watu wa nyuma yake walicheka, hawakuelewa. Wakesho na yule wa kijani walifika utepe bega kwa bega, vifua vimetangulia. Waamuzi wakainamiana, wakanong'ona, Nduku akafumba macho. Kisha mmoja akainua ubao: wa pili, Wakesho Mwandawiro.

Tryphena alikuwa ameshapita kamba, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya binti yake, akaukamata mguu wa kulia.

"Mguu? Mguu unasemaje?"

Wakesho, anahema, mdomo wazi, alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine.

"Mguu gani, mama?"

Nduku alikuwa amefika, anacheka na kulia pamoja. Mwalimu Elsie naye akaja mbio na karatasi ya ruhusa. Wanafunzi wangelala Mombasa siku tatu pamoja na walimu, wazazi hawaendi. Tryphena aliisoma polepole, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno.

"Watalala wangapi chumba kimoja?"

"Wanane, mama."

"Mlango una komeo?"

"Unalo."

"Komeo la ndani?"

"La ndani, mama, nitalifunga mwenyewe."

Tryphena akatazama nyuma, ambako Wakesho alikuwa amebebwa mabegani na wasichana wa shule yake na hakuna aliyemkumbuka mama. Akaomba kalamu, akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi.