Mtoto wa Ng'ambo ya Mfereji

Saa tatu asubuhi Monowara Begum anashusha komeo la lango la mwanzi, kisha analikaza kwa kamba. Ndani ya chumba wamo watoto ishirini na mmoja wa kijiji kimoja cha mkoa wa Barishal, wengine wanawalilia mama zao, wengine wamekwishasahau kama wana mama. Mmoja anamvuta sari, anataka bisi za mchele.

"Ngoja wewe, tumbo lako halina adabu," anamwambia. "Jana ulikula za nani? Si zangu?" Mtoto anacheka, naye anampa.

Lango hilo halifunguliwi mpaka saa saba. Ndizo saa ambazo akina mama wako jikoni au wanaanika mpunga, akina baba wako mashambani, na nyuma ya kila nyumba kuna bwawa la kuogea na kuoshea vyombo. Mtoto aliyejifunza kutembea jana, leo anafika majini bila mtu kusikia kitu.

Kazi hii ilianza na watafiti waliokuja kutoka mjini miaka minne iliyopita. Walitaka kujua kama kuwaweka watoto wadogo pamoja saa hizo kutapunguza wanaozama. Wakapiga kura ya bahati nasibu. Vijiji vya upande huu wa mfereji vikapata chumba, mlezi na mafunzo; vya ng'ambo vikaachwa vilivyo, ili baadaye pande mbili zilinganishwe. Monowara, mjane wa miaka arobaini na sita, akachaguliwa kuwa mlezi kwa taka elfu nne, fedha za kwao, kila mwezi.

"Nilijiona mtu," anasema. "Mimi niliyeishia darasa la tano, eti naitwa mwalimu."

Ng'ambo, ukivuka daraja la mwanzi tu, ndiko alikoolewa Jorina, dada wa marehemu mume wa Monowara. Utani wa mawifi hao ulijulikana vijiji vyote viwili. Jorina alikuwa akimpigia kelele kutoka upande wake kwamba yeye Monowara ndiye aliyemmaliza kaka yake kwa mseto usio na chumvi. Monowara naye alikuwa akimjibu kwamba marehemu alikufa kwa aibu ya kuwa na dada kama huyo. Watu waliacha kazi zao kuwasikiliza.

Msimu wa mavuno ulipofika, Jorina akaanza kumleta mwanawe Ripon, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Monowara akampokea. Angemkataaje mtoto wa wifi yake? Lakini msimamizi wa utafiti, kijana mmoja mtaratibu, alipopita na kumwona, alimweleza kwa upole kabisa kwamba mtoto wa ng'ambo akilelewa huku, ulinganisho unaharibika na kazi ya watu wengi inakuwa bure.

Kesho yake Jorina alipofika langoni, Monowara hakuwa na uso wa kumwambia jambo lile kwa maneno mazito. Akaligeuza mzaha.

"Mrudishe kwenu huyu," alimwambia. "Upande huu hatulishi watoto wa wavivu."

Jorina alicheka. Akambeba mtoto wake ubavuni, akavuka daraja kurudi kwao.

Wiki ileile yowe likatoka ng'ambo, na Monowara akaijua sauti. Alikuwa amefundishwa kumpulizia pumzi mtoto aliyezama na kumkandamiza kifua. Ng'ambo hakuna aliyefundishwa. Lakini alikuwa peke yake, msaidizi wake ameenda kuteka maji, na chumba kimejaa watoto. Alisimama langoni ameshika komeo mpaka msaidizi aliporudi mbio. Monowara alipofika ng'ambo, wanaume walikuwa wamemwinua Ripon juu ya vichwa vyao wakimzungusha ili maji yamtoke, kama wafanyavyo watu wa eneo hilo. Akamchukua, akamlaza chini, akapuliza. Mtoto hakuamka.

"Kubaki na wale wengine sikukosea," anasema. "Kumrudisha yule ndiko nilikokosea. Najuta, wallahi najuta. Tena nilimrudisha huku nacheka."

Utafiti uliisha mwaka jana. Majibu yakatoka: upande wenye vyumba, watoto wanaozama walipungua sana. Msimamizi akaenda ng'ambo kuwasomea watu, kuwaeleza kwa nini watoto wao hawakupokelewa, na kuwashukuru. Jorina alimuuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sisi tulikuwa wa kuhesabiwa tu?"

Wanasema yule kijana aliondoka akijifuta macho. Mshahara wa Monowara nao ulikatika siku utafiti ulipofungwa. Wazazi humpa mchele kidogo kidogo, na chumba kinaendelea. Ng'ambo mpaka leo hakuna chumba.

Utani umekufa. Mawifi wakikutana sokoni, Jorina hutoa salamu na kupita zake.

Sasa Jorina ana binti, Mukta, wa mwaka mmoja na nusu. Kila anapoingia jikoni humfunga mguu kwa kipande cha sari kuukuu kwenye nguzo ya baraza. Monowara anamtaka mtoto huyo chumbani kwake kuliko anavyotaka mshahara urudi. Ametuma watu wakamwombee. Wamerudi na hapana. Leo, baada ya kuwakabidhi watoto kwa mama zao, anavuka mwenyewe.

Jorina anapepeta mchele uani. Hamtolei mgeni tambuu, lakini anamsogezea kigoda.

"Wifi, nipe Mukta nikae naye asubuhi."

"Wa kwanza nilikuletea mpaka mlangoni."

"Najua."

"Leo hakuna wa kukukataza, ndiyo unamtaka."

"Ndiyo," anasema Monowara. "Ni hivyo hivyo. Siku ile niliogopa kupoteza kazi."

Jorina anaendelea kupepeta. Makapi yanaruka, kuku wanasogea.

"Mwanangu havuki daraja lile," anasema mwishowe.

"Basi nitavuka mimi. Jumamosi naanza huku. Kule nimemwachia msaidizi, na amepata mwenzake. Uani kwako panatosha watoto kumi. Ukikataa, nitamwomba jirani."

Jorina anauweka ungo chini.

"Mikeka ulete mwenyewe," anasema. "Na huyu simfungui."

Monowara anamtazama Mukta, anayetafuna ncha ya kitambaa kilichomfunga.

"Usimfungue," anasema. "Nitatandika hapo hapo alipofungwa."