Ukurasa wa Pili wa Asiransi

Kaka yangu alikata miti ya watu Bunia kwa miaka mingi, nami nilikaa chini nikimshikia kamba. Watu walinicheka. Mwanamke mzima, mwenye diploma, anashika kamba ya mkata miti! Niliwaacha wacheke. Ncha moja ilifungwa kiunoni mwake, kamba ikapita juu ya panda ngumu ya mti, ncha ya pili ikazungushwa kwenye shina na kuishia mikononi mwangu. Akiteleza, mimi ndiye wa kumzuia, na hakutaka mtu mwingine.

Tulikuwa na sheria mbili. Kwanza, kabla ya kuwasha mashini ya msumeno tulipita nyumba za jirani kuwaarifu. Miaka ile tuliambiwa amani imerudi, lakini kila mtu bado aliweka mfuko wake karibu na mlango. Siku moja tulisahau kupita, na gogo la mkaratusi lilipotua, mtaa mzima, ukidhani vita imerudi, ulikimbilia upande wa uwanja wa ndege na magodoro kichwani. Sheria ya pili ilitokana na hofu hiyohiyo: aliye juu hapigiwi kelele. Akishtuka, mashini inaweza kumgeukia, na majirani nao wanakimbia. Ukitaka kumwita, unavuta kamba mara mbili.

Basi ofisi moja ya wageni ikatuita tukate mkaratusi ulioinamia jengo lao. Kaka alikuwa ameukataa mti huo mara mbili, kwa sababu shina lilikuwa na ufa. Mkuu wa ofisi naye alisema hatuingii bila asiransi, yaani bima. Nikaenda kuitafuta mwenyewe. Wakala alinipa karatasi za Kifaransa, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaona muhuri, nikatia sahihi. Nyumbani kaka alizigeuzageuza kama mtu anayekagua ngozi ya ng'ombe. Kusoma hakujua.

"Leki, mdogo wangu, inatushika siye wote?"

"Inatushika, yaya."

Nilimjibu kaka haraka, kwa kiburi cha aliyesoma. Akasema kama ni hivyo, ule mti wa ofisi sasa ataupanda. Nilifurahi, mjinga mimi.

Asubuhi ya kazi tuliwaarifu majirani, akapanda, mashini ikaanza kunguruma. Mkuu wa ofisi alikuja kusimama kando yangu, akaomba karatasi. Nilimwonyesha mfuko wangu kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kwenye kamba. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili, akainua macho kumtazama kaka.

"Na huyu wa juu, iko na asiransi yake ingine?"

"Ni hiyo tu," nikasema.

"Hapana, mama. Hii inalipa nyumba yetu na watu wa inje. Weye na ndugu yako hamuko ndani."

Akanisogezea ukurasa mbele ya uso. Yalikuwa maandishi madogo, lakini yalisomeka: mwenye kazi hayumo, wala jamaa zake, wala yeyote anayefanya naye kazi. Juu ya ufa ule alikuwa mtu aliyepanda kwa sababu ya jibu langu, na kama angevunjika mgongo, karatasi ile ingelipa mabati aliyoyaangukia.

Nikavuta kamba mara mbili ili ashuke.

Kamba ikaja. Ikaja yote, nyepesi, ikanirundikia miguuni na ncha yake tupu. Hakuwa ameifunga. Alikuwa ameitundika tu kwenye tawi ili mimi nisigombe.

Mkuu wa ofisi aliona, akafungua mdomo kupiga kelele. Nilimziba kwa kiganja changu chenye utomvu, mkubwa mzima wa watu, akanitolea macho. Sikujali. Mti ulianza kulia. Niliona ufa ukifunguka kidogo, ukijifunga, ukifunguka tena, na miguu ya kaka ikitafuta pa kukanyaga. Sikuwa na njia ya kumwita. Niliomba kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Tawi kubwa likakatika, likapita pembeni ya jengo, ardhi ikatetemeka, mti wote ukayumba na yeye akiwa ameukumbatia. Kisha mashini ikazimika, nikamwona anashuka polepole, mzima.

Alifika chini akicheka, jasho likimtoka.

"Yaya, kamba?"

"Inanisumbua mu matawi. Na weye ulisema karatasi inatushika."

Ningeweza kunyamaza. Tawi lilikuwa limeanguka salama, mkuu wa ofisi alikuwa bize kufuta mdomo wake, na kaka asingejua kamwe. Nilitamani sana kunyamaza.

"Haitushike," nikasema. "Inashika nyumba yao tu. Sikusoma yote."

Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Aliangalia juu, pale alipokuwa amesimama, kisha akaketi kwenye vumbi la mbao. Nusu ya mti ilikuwa bado.

"Soma," akasema.

Nikachuchumaa mbele yake, nikasoma kurasa zote nne, mstari kwa mstari, nikimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili, hadi muhuri, hadi sahihi yangu mwenyewe. Alisikiliza akiniangalia midomo. Nilipomaliza, aliniuliza swali ambalo tangu utotoni, kwa kuniamini, hakuwahi kuniuliza.

"Ni yote?"