Nta ya Pasi Yangu

Mkono wa kulia wa mume wangu ulianza kutetemeka mwaka wa pili tangu apunguzwe kazi kiwandani. Nilimwambia aende hospitali. Akaenda, wakampa vidonge, akavimaliza, mkono ukaendelea kutetemeka.

Tulikuwa mtaa wa Mabatini, baraza moja, kazi mbili. Mimi napiga pasi nguo za watu upande huu, yeye fundi redio anachoma risasi ya kuungia nyaya upande ule. Miaka hiyo biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, redio mpya zimejaa madukani, wanaoleta mbovu wamepungua. Kilichombakizia heshima ni amplifaya alizotengeneza mwenyewe. Alichukua kibao chenye shaba upande mmoja, akachora juu yake njia za umeme kwa rangi ya kucha, kisha akakizamisha kwenye dawa inayokula shaba. Palipochorwa panabaki, palipoachwa wazi panaliwa. Sasa mkono umeharibika, mistari inagusana, na mistari ikigusana kibao ni cha kutupa.

Fundi mwenzake akamwonyesha njia nyingine. Mchoro unatolewa fotokopi kwenye karatasi ya jarida, ile inayong'aa. Karatasi inalazwa kifudifudi juu ya shaba na kupigwa pasi. Wino wa fotokopi unayeyuka, unang'ang'ania shaba, karatasi unailoweka na kuibandua. Hakuna kuchora. Mume wangu alikuwa na mchoro wake wa zamani, wa siku mkono ulipokuwa mzima. Akaupaka mafuta ya kula mpaka ukapitisha mwanga, akaugeuza ndipo akaupeleka fotokopi, maana kwenye shaba unatokea kinyume.

Kibao kilikuwa kimoja tu, kililetwa na msafiri kutoka Nairobi. Mwalimu mmoja wa kwaya wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, angevuka na kivuko Jumamosi kuja kuchukua amplifaya aliyoagiza.

"Hiki kikikataa, mama, nafunga meza," mume wangu aliniambia.

Hakuwa mtu wa kutishia.

Asubuhi alisugua shaba kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka ikang'aa. Akanionya nisiiguse kwa vidole, hata mafuta ya mkono yanaharibu. Nilisikia, nikaishika pembeni. Kisha nikafanya ninachofanya siku zote kabla ya kuweka pasi kwenye nguo: nikachukua kipande cha mshumaa nilichokifunga kitambaani, nikasugua tako la pasi ili iteleze. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Akasema nikandamize, nisiburute. Nikakandamiza. Mkaa ulikuwa mzuri, moto umeenea. Tulipobandua karatasi, mistari ilikuwa pale, myeusi.

"Umenipita ufundi," akasema. "Kesho nitakuletea redio uzipige pasi."

Nilimwambia atie kibao kwenye dawa aache maneno.

Alikitia kwenye beseni la plastiki. Dawa inataka kutikiswa polepole, naye akashika ukingo wa beseni, akasema angalau hapo mkono wake umepata kazi inayoufaa. Tukakaa tunaangalia. Mistari ikaanza kubanduka mmoja mmoja, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mahali pengine shaba iliyotakiwa kuliwa ikakataa. Mimi suruali ikianza kuungua naijua kwa harufu, nainua pasi kabla haijapata doa. Pale hapakuwa na cha kuinua. Dawa ile huingizi mkono. Yeye alitikisa mpaka mwisho, ingawa alikuwa ameshaona.

Alipokitoa, shaba ilikuwa imebaki kwa michirizi, na katikati kuna umbo la pua ya pasi yangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwambia.

"Ni nta. Nilipaka pasi mshumaa, ikapenya karatasi."

Akakisuuza kile kibao.

"Kila siku unapaka," akasema.

"Kila siku."

"Basi."

Jumamosi mwalimu wa kwaya alifika, akatuamkia, tukaitikia marahaba. Mume wangu akamwambia mwenyewe kwamba amplifaya hakuna, kibao kimeharibika mikononi mwake. Nilitaka kusema ni mikononi mwangu. Akanikata kwa jicho. Yule mwalimu akaenda mjini kununua ya dukani.

Nilimwagiza yule msafiri kibao kingine bila kumwambia mume wangu. Kilichukua miezi kufika; meza alikuwa bado hajaifunga, nikampa, akatoa fotokopi nyingine. Nikasugua tako la pasi kwa mchanga na jivu, nikalifuta mara tatu kwa kitambaa kikavu, nikakandamiza. Mistari ilitoka yote. Dawa ikala palipotakiwa kuliwa, ikaacha palipotakiwa kubaki. Sijawahi kupiga pasi kitu vizuri namna ile.

Lakini kufikia siku hiyo mkono wa kushoto nao ulikuwa umeanza. Alijaribu kuchoma risasi mguu wa kwanza wa transista, ncha ya chuma cha kuchomea ikaenda pembeni. Akajaribu tena. Mara ya tatu akachomoa waya wa umeme, akauviringa vizuri kuzunguka mpini, akafunga meza.

Siku kadhaa alikaa tu. Kisha siku moja nikiwa na rundo la khaki, akanyoosha mkono akachukua kopo langu la maji, akaanza kunyunyizia nguo. Kwa mtetemo wa mkono matone yalianguka madogo madogo, yakaenea vizuri kuliko ninavyonyunyizia mimi. Sikumsifu. Nilivuta suruali ya kwanza, nikaweka pasi.